Reaper 7 kwa wanaorekodi metali Kampala: magitaa manne, sauti kumi na sita, laptopu moja

Studio nyingi za Kampala zimezoea muziki ambao mwimbaji anakaa juu ya biti, na biti imemwachia nafasi tangu mwanzo: injili, dancehall, kadongo kamu. Kwa kazi hiyo programu za kutengenezea muziki kama FL Studio na Cubase zinatosha, na mafundi wetu wanazijua vizuri. Muziki wa metali hauachi nafasi. Magitaa yenye distoshoni, yaani sauti iliyokwaruzwa, hujaza kila pengo la masafa kuanzia 100 Hz hadi 6 kHz, ngoma ya kiki inakimbia chini yake, na katikati ya msongamano huo mtu anapaswa kunguruma na maneno yake yasikike. Wimbo wa dakika nne unafika treki 40, yaani njia 40 za sauti, bila mtu kujitanua. Reaper, programu ya kompyuta ya kurekodi na kumiksi muziki, tumeipima kwa swali hilo moja: inamsaidiaje anayepanga gitaa juu ya gitaa na sauti juu ya sauti?

Jibu letu ni kwamba inasaidia sana, na sababu ni za kawaida tu. Ni nyepesi, inahariri haraka, na haimzuii fundi kupeleka sauti popote anapotaka. Inatengenezwa na kampuni ya Cockos ya Marekani. Faili la kusakinisha kwenye Windows halifiki megabaiti 30, kwa hiyo kifurushi kidogo cha data kinatosha kulishusha. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, bila kipengele chochote kufungwa. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60, yaani zaidi ya shilingi laki mbili za Uganda. Leseni hiyo hiyo inahusu pia biashara ambayo mapato yake kwa mwaka hayazidi dola 20,000, na ukivuka hapo unalipa dola 225. Baada ya siku 60 programu inaendelea kufunguka na kukukumbusha. Ilipe. Bei hiyo ni ndogo kwa chombo kitakachobeba kazi yako yote.

Muziki huu si mgeni hapa. Bendi ya Vale of Amonition wamekuwa wakipiga doom, metali ya mwendo wa polepole, wakiwa Kampala, na Wakenya wawili wa kundi la Duma walikuja kurekodi albamu yao ya 2020 katika studio ya lebo ya Nyege Nyege hapa hapa mjini. Wenye masikio wapo. Kinachokosekana mara nyingi ni fundi anayejua kwa nini miksi yake ya metali inageuka uji.

Uji huo huanzia kwenye gitaa la kunakiliwa. Mtu anarekodi rifu, yaani kipande cha gitaa kinachojirudia, mara moja, ananakili treki, moja anaisukuma kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa, halafu anashangaa upana haupo. Hauwezi kuwepo. Sauti mbili zinazofanana kila kitu hukutana katikati, na ulichopata ni gitaa lile lile limepanda tu. Wengine wanaichelewesha nakala kwa ms (milisekunde) 15 ili ipanuke. Kwenye hedifoni inapanuka kweli. Ila ukiicheza kwenye spika moja ya kafunda, yaani baa ndogo ya mtaani, au ile ya bluututhi ya dereva wa boda, pande mbili zinajumlishwa na zinaanza kulana: shimo la kwanza linaangukia karibu 33 Hz, kisha lingine kila baada ya 67 Hz, hadi juu kabisa. Gitaa linakuwa kama linapigwa ndani ya bomba. Kwenye treki kuu ya Reaper kuna kitufe cha mono. Kibonyeze mara kwa mara. Gitaa likibadilika rangi ghafla, kuna nakala mahali.

Tabaka la kweli ni rifu ile ile kupigwa upya, na mtu yule yule, mara mbili au nne. Hapa ndipo Reaper 7, iliyotoka mwaka 2023, inapostahili sifa. Kila treki inaweza kugawanywa kuwa safu ndogo zisizobadilika, na kila unapopiga tena, teki mpya, yaani jaribio hilo la kurekodi, inashuka kwenye safu yake. Baadaye unapitisha kipanya juu ya kipande unachokitaka katika kila safu, na programu inaviunga juu vyote kuwa teki moja. Mpiga gitaa hupiga baa nane mara sita, unachukua baa mbili za teki ya tatu, nne za teki ya tano, na kadhalika. Kazi iliyokuwa ya nusu saa kwa mkasi inakuwa ya dakika chache. Kwa mtu anayetengeneza magitaa manne ya wimbo mzima, hiki kipengele peke yake kinalipa leseni.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu. Chomeka gitaa kwenye tundu la ala la saundi kadi, si la maiki. Rekodi gitaa kavu, yaani kabla halijapita kwenye amplifaya, kwa ubora wa biti 24 na 48 kHz, vilele vikicheza kati ya −12 na −6 dB. Bafa, yaani akiba ya sauti inayosubiri prosesa, iwe sampuli 128 au 64, maana 128 kwenye 48 kHz ni chini kidogo ya ms 3 kila upande na mkono hauhisi uchelewevu. Wakati wa kumiksi ipandishe hadi 1024 ili prosesa ipumue. Amplifaya iweke kama programu ya ndani ya treki. Reaper haiji na amplifaya ya maana kwa metali, kwa hiyo shusha Neural Amp Modeler, ambayo ni ya bure na chanzo chake kiko wazi, na humo humo pakia faili la kabineti, yaani boksi la spika za gitaa. Kabineti usiisahau: bila hiyo distoshoni inalia kama redio iliyokosa stesheni.

Usiweke amplifaya kwenye kipande kimoja kimoja, iweke kwenye treki nzima. Ukikata gitaa kavu na kuunganisha kwa mpito wa ms 5, amplifaya inayokuja baadaye inafunika kiungo na sikio halikioni. Ukikata sauti iliyokwisha pita kwenye distoshoni, kila kiungo kinasikika.

Kulinganisha teki, bonyeza Tab na mshale unaruka hadi mpigo unaofuata wa peki, yaani kile kidude cha kupigia nyuzi. Bonyeza S kukata kabla tu ya mpigo, kisha sogeza. Lakini usizilinganishe hadi zifanane. Tofauti ya ms 5 hadi 15 kati ya kushoto na kulia ndiyo inayoleta upana. Ikizidi ms 30 sikio linasikia mapigo mawili. Pale nyuzi zinapozibwa kwa kiganja, kaza zaidi, kwa sababu hapo gitaa linafanya kazi ya ngoma.

Gaini, yaani kiwango cha distoshoni kwenye amplifaya, ndiyo inayowapotosha wengi. Gitaa moja likiwa na gaini 7 linasikika vizuri, na fundi anafikiri manne yenye 7 yatasikika vizuri mara nne. Distoshoni hubana sauti na kuongeza masafa ya juu kila safari. Mara nne ya hayo ni mvua juu ya mabati: huoni peki, huoni noti. Shusha hadi 5, wakati mwingine 4. Kila gitaa likisikilizwa peke yake litaonekana dhaifu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Jozi ya kwanza iende asilimia 100 kila upande. Jozi ya pili asilimia 70 au 80, chini kwa dB 3 hadi 6, na ikiwezekana kwa amplifaya nyingine au pikapu nyingine. Na kama wimbo ni wa kasi sana, noti za kumi na sita kwenye mapigo 200 kwa dakika, kaa na magitaa mawili. Manne kwenye kasi hiyo hayaongezi uzito, yanaongeza ukungu tu.

Tyuni upya kabla ya kila teki. Hili halina mjadala. Magitaa mawili yakitofautiana senti 5 (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni), kwenye harmoniki ya 1,000 Hz hutokea mawimbi karibu matatu kila sekunde, na kodi (noti zinazopigwa pamoja) iliyotakiwa kuwa ukuta inayumba. ReaTune, inayokuja na programu, ina kipima-tyuni kinachotosha. Kwa Drop C, tyuni ya chini ambapo uzi mnene unashuka hadi 65.4 Hz, seti ya nyuzi za unene wa 10 hadi 46 italegea na kupanda juu ya noti kila inapopigwa kwa nguvu. Tafuta 11 hadi 56 au 12 hadi 60. Hewa ya karibu na Ziwa Viktoria inashika nyuzi kutu mapema, na nyuzi zilizozeeka hazikubali kutyuniwa hata ukizibembeleza.

Umeme nao uko ndani ya muziki. Wetu ni volti 240 na 50 Hz, na nyumba nyingi za kupanga hazina athi ya kuaminika, kwa hiyo gitaa linabeba mvumo wa 50, 100 na 150 Hz, na gaini inaukuza. Chomoa chaja ya laptopu wakati wa kurekodi. Mvumo unapungua, na umeme ukikatika katikati ya teki betri inakulinda. Mpiga gitaa ajigeuze kwenye kiti hadi apate upande ambao mvumo uko chini kabisa. Kinachobaki kishughulikiwe na ReaGate, geti inayofunga sauti ikishuka chini, ikiwekwa kabla ya amplifaya, si baada yake: ishara kavu ina tofauti kubwa kati ya noti na kimya, na geti inafunga safi.

Magitaa yote yaweke ndani ya folda moja. Kwenye folda hiyo weka ikwalaiza ya ReaEQ, kata chini ya 80 Hz na juu ya 10 kHz. Kisha ReaXcomp, kompresa inayobana masafa kwa mafungu, ukitumia bendi moja tu kati ya 100 na 220 Hz, uwiano 4:1, shambulio ms 10, kuachia ms 90, ishushe dB 3 hadi 5 pale kiganja kinapoziba nyuzi na isiguse kitu kwenye kodi zilizo wazi. Bila hiyo kila kiganja kinapotua spika zinapiga kwikwi. Besi iachiwe chini ya hapo.

Sasa sauti, na hapa mafundisho mengi ya mtandaoni hayamfai anayerekodi kwa Kiswahili. Yameandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kinamaliza maneno kwa konsonanti kali. Wanakufundisha kufuta t na s za mwisho kwenye teki za pili ili zisitawanyike. Sisi maneno yetu yanaishia kwenye irabu. Chukua mstari kama huu: “Giza limemeza mji”. Hakuna t ya kufuta. Kinachotawanyika ni mkia wa ile i ya “mji”. Mwimbaji anaivuta kwa mngurumo, teki moja inakatika mapema, nyingine inachelewa, ya tatu inashuka chini kabisa mwishoni, na kwa kuwa irabu i ina nguvu nyingi kati ya 2 na 3 kHz, palepale gitaa linapouma, mkia ule unageuka kelele.

Dawa yake: teki kuu pekee ndiyo ishike irabu ya mwisho hadi inapoisha. Nyingine zote zifunge kwa kufifia ms 50 hadi 80 kabla yake. Katika Reaper unashika kona ya kipande na kuivuta, ni sekunde mbili kwa kila mstari. Kisha angalia mkazo. Kiswahili kinakazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo katika “limemeza” uzito uko kwenye ile “me” ya pili, si kwenye “li”. Ukilinganisha mianzo ya maneno, “li” zitakutana na “me” zitaachana, na msikilizaji atasikia vurugu bila kujua iko wapi. Weka alama ya kuvuta (stretch marker) kwenye “me” yenye mkazo na nyingine kwenye “za”, zilinganishe hizo, na mwanzo wa neno uache ulivyo. Ukivuta kupita asilimia 10 hivi mngurumo unaanza kutoa sauti ya chuma, na hapo ni nafuu kurekodi upya.

Jambo la tatu ni ile m ya “mji”. Ni silabi kamili, lakini mdomo umefungwa na gitaa linaimeza yote, anayesikiliza anasikia “ji”. Kata silabi hiyo kwenye teki kuu peke yake na uipandishe dB 3 au 4. Vivyo hivyo kwa mb na nd mwanzoni mwa neno. Hakuna ikwalaiza itakayokufanyia kazi hii.

Mpangilio wetu wa tabaka: teki kuu katikati. Teki ya pili ya sauti ile ile, nayo katikati au karibu nayo, chini kwa dB 6 hadi 10, ikiwa imekatwa chini ya 200 Hz. Kwa maneno mazito, ongeza mbili zaidi kushoto na kulia asilimia 50, mngurumo wa chini upande mmoja na ukelele wa juu upande mwingine. Usizipandishe hadi zisikike kama watu wengine. Zizime ghafla: ukihisi mwimbaji amepungua mwili lakini huwezi kusema kimeondoka nini, ziko mahali pake. Maiki ya kawaida kama Shure SM58, sentimita 3 hadi 5 kutoka mdomoni, inafaa kuliko kondensa ya bei kubwa kwenye chumba kisicho na vitambaa. Kondensa itakurekodia jirani, boda, na kesha la Ijumaa. Mkono usifunike kichwa cha maiki: unaua juu, unajaza katikati, na huwezi kuurudisha. Mngurumo umejibana wenyewe, kwa hiyo kompresa ya ReaComp, 4:1, shambulio ms 5, kushusha dB 5 au 6, inatosha. Mpe koo mapumziko na maji kila mara. Baada ya saa moja teki zinaharibika, na koo linaumia.

Kwa sauti za kundi, watu wanne wakirekodiwa mara nne ni sauti 16. Wasimame mita 1 hadi 1.5 kutoka kwenye maiki, na kila teki wabadilishane nafasi na mtu abadili sauti yake, mara ya chini, mara ya kupaza. Wakisimama pale pale wakiimba vile vile, tabaka nne zinasikika kama kundi lile lile la watu wanne. Kata chini ya 250 Hz. Msimu wa mvua fanya kazi hii asubuhi, maana kwa umbali huo mabati yanaingia yote.

Sauti zikishakaa, gitaa bado litazifunika kati ya 2 na 4 kHz. Wengi wanachimba shimo la kudumu kwenye gitaa, na gitaa linakufa hata pale ambapo hakuna anayeimba. Reaper ina njia bora ambayo imejificha. Tuma sauti kutoka folda ya waimbaji kwenda folda ya magitaa, chaneli 3/4. Kwenye ReaEQ ya magitaa fungua bendi pana ya 2.5 kHz, gusa kidhibiti chake cha gaini, kisha nenda kwenye menyu ya Param uchague udhibiti wa kigezo. Washa udhibiti kwa ishara ya sauti, chagua chaneli 3+4, mwelekeo hasi. Rekebisha nguvu hadi bendi ishuke dB 2 au 3 mwimbaji anapofungua mdomo na kurudi anaponyamaza. Shambulio ms 10, kuachia ms 120. Ukiona inashuka dB 6, umepitiliza, na gitaa litaanza kupumua pamoja na maneno.

Kasoro zipo. Sura yake ni ya kizamani, na menyu ni ndefu kiasi kwamba mwanafunzi anapotea wiki ya kwanza. Dirisha la kupeleka sauti kati ya treki lina uwezo mkubwa lakini halimwelekezi mtu. ReaVerbate inatoa mwangwi wenye mlio wa bati, bora utumie ReaVerb na faili la chumba halisi. ReaTune kama kirekebisha noti haifai kwa uimbaji safi wenye harmoni. Hakuna maktaba ya ngoma wala ya sauti za ala ndani yake, kwa hiyo anayetaka kufungua boksi na kuanza biti abaki FL Studio. Nyongeza za SWS na ReaPack, zote za bure, ziweke siku ya kwanza.

Pima diski kabla ya kuanza. Treki moja ya mono, biti 24 na 48 kHz, inakula megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye treki 32 ni gigabaiti 1.1, na teki ulizozikataa bado hujazihesabu. Katika mipangilio ya mradi unaweza kuchagua kurekodi kwa FLAC: ukubwa unapungua sana na ubora haupotei. Washa pia nakala ya kujihifadhi yenye saa na tarehe kila baada ya dakika tano. Na magitaa makavu usiyafute hata wimbo ukishatoka: bendi ikirudi mwakani ikitaka gitaa lenye sauti nyingine, unabadilisha amplifaya tu.

Leseni ukiinunua sasa kwenye toleo la 7 inafanya kazi hadi toleo la 8.99. Laptopu ya RAM gigabaiti 8 yenye SSD imebeba treki 40 bila kukwama, mradi magitaa manne ya Neural Amp Modeler uyagandishe kwanza, yaani uyageuze kuwa sauti iliyokwisha rekodiwa, kabla ya kuanza kushughulika na sauti.